Kikumi ya kilomita laki tatu: inalipa ama inakula?

Ukiuliza mwenye Kikumi yeyote hapa mashariki mwa Uganda, iwe Tororo, Mbale ama Busia kwa stegi ya spesho, zile teksi za kukodi, atakwambia hii gari haifi. Na hadanganyi jamani, gari ndo hiyo mbele yako, Toyota Corolla AE100 iliyotoka kiwandani kati ya 1991 na 1995, injini ya 5A-FE lita 1.5, imevuka miaka thelathini na asubuhi bado inawaka, inabeba watu watano na gunia la mihogo kwa buti. Upande ule mwingine kuna wale wanasema kuendelea na hizo gari ni kutupa pesa, uza, kopa, enda bondi, zile yadi za magari yaliyoagizwa nje, ununue kitu cha kisasa. Huu ubishi nimeusikia miaka na miaka na naona pande zote mbili zinaangalia mita ya kilomita, ilhali ile namba haikwambii mengi. Kinachoamua ni nani alikuwa anahudumia hiyo gari na alikuwa anatoa pesa wakati gani, kabla haijalia ama baada.

Tuanze na wanaoitetea, sababu wana hoja nzito kuliko watu wanavyodhani. Ile injini ni nyepesi kuelewa, makanika yeyote anaifungua hata kwa senta ndogo ya kijijini, na spea ukikosa kwenu unapigia mtu Kisekka ama Ndeeba, kule kwa maduka ya spea Kampala, jioni, kesho zimefika kwa basi. Mkanda wa taimingi unabadilishwa karibu kila kilomita laki moja na hata ukikatika njiani, kwa hii injini valvu hazigongi pistoni, gari inazima tu, unavutwa, unawekewa mkanda mwingine unaendelea na maisha yako. Jaribu hivyo na injini nyingine za baadaye uone bili utakayoletewa. Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi, Kikumi imeshamaliza kushuka bei. Ukiinunua leo ukaitunza miaka mitatu unaweza kuiuza karibu na pesa uliyotoa, lakini gari ya bondi inapoteza pesa siku ile umetoka nayo getini, na kama ulichukua mkopo unalipa riba juu ya kitu kinachoshuka kila mwezi.

Serikali nayo, bila kukusudia nadhani, imezirefushia maisha. Sheria ya barabara ilirekebishwa 2018 ikakataza kuingiza gari iliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, sawa, lakini haikugusa zilizokuwa ndani tayari. Kwa miaka mingi pia gari ya abiria iliyopita miaka 10 imekuwa inapigwa kodi ya mazingira ya asilimia 50, hapo hujaongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Sasa mwalimu wa primari ama mfanyabiashara wa nguo Busia atafanya nini? Anabaki na ile aliyo nayo. Kodi iliyowekwa kwa jina la hewa safi inamfanya aendelee na gari chafu zaidi kuliko ile angenunua kama bei ingekuwa inashikika. Hilo linaniuma kusema kweli, sababu mzigo unamwangukia mtu ambaye hana uchaguzi.

Lakini sasa tusikie upande mwingine, na hapa wenye Kikumi wasinikasirikie. Sifa zote tunazosikia zinatoka kwa watu ambao gari zao bado ziko hai. Zile zilizokufa hazina wa kuzisimulia, zimeshakatwa vipande na ziko Kisekka, ule mlango, ile giaboksi, ile hedi (kichwa cha injini) unayonunua ya kwako ipone, vilitoka kwa Kikumi ya mtu mwingine ambayo ilikufa. Kwa hiyo kusema haifi sababu ninaziona barabarani ni kuhesabu waliobaki peke yao. Hata yule Mmarekani Irv Gordon aliyenunua Volvo P1800 mwaka 1966 akaiendesha zaidi ya maili milioni tatu, watu wanataja hiyo namba kila siku na hawataji kwamba mzee alikuwa anafuata ratiba ya sevisi bila kuruka. Maili zilikuja nyuma ya hiyo nidhamu.

Na nidhamu ndo inakosekana kwetu. Simama gereji yoyote hapa Tororo asubuhi uangalie wanapofungua kifuniko cha rejeta ya gari ya namna hii. Maji yanayotoka ni ya rangi ya chai nzito, yana chembechembe za kutu, ukiingiza kidole unatoa tope. Ni maji ya bomba yaliyojazwa miaka na miaka, kulenti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu, haijawahi kuingia humo tangu gari ifike Uganda. Njia za maji zinaziba, gari inaanza kuchemka, na makanika badala ya kusafisha mfumo anatoa thamosteti, ile valvu inayodhibiti maji ya kupoza injini, anaitupa. Gari inaacha kuchemka kwa muda na mwenyewe anafurahi, kumbe sasa injini inachukua muda mrefu kupata joto lake, inakula petroli zaidi, oili inachafuka haraka, na ile kutu bado iko ndani inaendelea na kazi yake. Siku moja kwenye mlima inachemka vibaya, hedi inapinda, gasketi inaungua, na mtu anasimama pale anasema gari imezeeka. Kutu ya maji ya bomba imeharibu injini za hapa nyingi kuliko uzee wenyewe, na galoni ya kulenti haifiki hata robo ya gharama ya kupeleka hedi kupigwa fesi, yaani kusawazishwa uso.

Mafuta ni hoja nyingine wanaotetea hawapendi kuizungumza. Gari nyingi za umri huu oksijeni sensa, inayopima moshi ili injini ijipimie petroli, imekufa kitambo, katalitiki, ile ya kusafisha moshi, ilitolewa ikauzwa kwa ajili ya madini yake, na zile zilizofika hapa mapema zilikunywa petroli ya risasi ambayo nchi zetu ziliiacha mwishoni mwa 2005, na risasi inaua katalitiki kabisa. Kwa hiyo ile sifa ya inakula kidogo ilikuwa kweli ilipokuwa mpya, sasa inategemea. Mwaka 2022 ndo watu walihisi, Januari malori yalipokwama mipakani Malaba na Busia sababu ya vipimo vya korona petroli ikaruka hadi shilingi elfu kumi lita moja sehemu zingine, na katikati ya mwaka Kampala ikapita elfu sita. Gari inayokunywa lita mbili zaidi ya inavyopaswa kwa kila kilomita mia, mtu wa spesho anailipa hiyo kila siku bila kuiona.

Halafu usalama. Hapa sitazunguka. AE100 nyingi hazikuja na eabegi wala ABS, ile ya kuzuia tairi kufunga ukikanyaga breki, bodi yake ni ya viwango vya wakati ule, na boljointi, kile kiungo kinachoshika tairi ya mbele, ikichoka kwa mashimo yetu inaweza kuachia, tairi ya mbele inalala na huna tena stelingi. Boljointi hailii sana kabla ya kuachia, inagonga kidogo tu ukipita kwenye tuta na dereva anaongeza redio. Ukiwa mjini kwa mwendo wa arobaini unaweza kupona. Ukiwa barabara ya Iganga kwenda Bugiri usiku, malori ya transiti yanakuja mbele yako na abiria wanne wamekaa nyuma ambapo mkanda hakuna, hiyo ni habari nyingine.

Ndo maana mimi nagawa. Kwa mtu wa mji na vijiji vya karibu, anayejua gari yake na anatoa pesa ya sevisi kabla ya kitu kuvunjika, Kikumi ya laki tatu bado inalipa kuliko mkopo, na asiruhusu mtu kumfedhehesha. Kwa safari ndefu za usiku na abiria wa kulipa, hapana, hata injini ikiwa nzima kama ya jana.

Na anayeamua kuuza asidhani gari mpya kidogo inamtoa kwenye shida. Toyota Premio za mwanzo wa miaka ya 2000 zenye injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8 zinajulikana kwa kula oili, ringi za pistoni zinakwama, na mtu asiyechungulia dipstiki anashtuka injini imekauka. Premio za kuanzia 2007 nazo zina giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, na ukimwagia ile oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki (ATF) ambayo makanika amezoea unaiua. Wangapi wamenunua hiyo gari bondi kwa pesa ya mkopo, wakaipeleka kwa makanika yule yule wa Kikumi, akaimwagia alichokuwa nacho kwa jerikeni? Kabla ya kulipa, fungua dipstiki mwenyewe, fungua rejeta ikiwa baridi, ulizia oili ya giaboksi kwa jina lake, na kama muuzaji anakuzuia kufungua chochote, rudi nyumbani na Kikumi yako.