Anza na ndulele ya nyuma ya nyumba

Nyuki mkubwa mweusi akitua kwenye ua la ndulele, usikimbilie kubonyeza kamera. Msikilize kwanza. Anakuja na ule mlio mzito anaoujua kila mwenye nyumba ambaye kenchi za paa lake zimewahi kutobolewa. Akishazikumbatia zile stameni tano za njano zilizosimama katikati ya ua, mbawa zinatulia lakini mlio haukomi. Unapanda, unakuwa mkali, kama bodaboda anayepiga resi akiwa amesimama. Sekunde moja, mbili, kimya. Anahamia ua la pili.

Ndulele haimwagi chavua yake ovyo. Imeifungia ndani ya zile stameni, ambazo ni kama mirija, na kila mrija una tundu kwenye ncha tu, kama kichupa cha chumvi. Anayeitaka lazima atikise. Nyuki huyu hutikisa kwa misuli ya kifua huku mbawa zimetulia, na unga unammwagikia tumboni. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Akija huokota makombo yaliyodondoka au huondoka mikono mitupu. Bilinganya na nyanya chungu ni ndugu wa ndulele na maua yao yamefungwa vilevile, kwa hiyo yule anayetuharibia kenchi ndiye huyohuyo anayetusaidia bustanini.

Hayo yote niliyaona nikiwa nimechuchumaa nyuma ya jiko letu, Muheza, kwenye kichaka cha ndulele ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiangalia isipokuwa kwa nia ya kukifyeka. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzeje kupiga picha za karibu za maua ya porini na wadudu, simjibu kuhusu lenzi. Namuuliza nyuma ya nyumba yake kumeota nini.

Najua jibu hilo huwavunja watu moyo, kwa sababu wengi wanakuja na fedha mkononi na wanataka kuelekezwa duka. Mimi pia nilianza kwa kutafuta mbali. Safari yangu ya kwanza ya picha za karibu nilipanda Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki, kutafuta dughulushi. Ni ua dogo la zambarau lenye vifuko viwili vya njano katikati, linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na leo wajukuu wa mimea ile wanauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Nililipata. Nilipiga picha nyingi nikiwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi, na nilipofika nyumbani hakuna hata moja iliyokuwa kali. Sikuwa nimejua kwamba kule chini ya miti mwanga ni kidogo, kwamba mikono inatetemeka ukishasogea karibu, na kwamba ukikosea kwa milimita moja umekosa kila kitu. Haya ni mambo ya kujifunzia mahali unapoweza kurudi kesho. Amani siwezi kwenda kila siku. Nyuma ya jiko nakwenda hata mara tatu kwa siku.

Basi chagua mahali padogo, mita mbili kwa mbili panatosha, na upazoee kama unavyomzoea jirani. Kwangu pana mimea mitatu tu ya maana. Ndulele nimeshaitaja, ukigeuza jani lake na kulitazama kwa lenzi, ule ukungu unaoonekana kwa macho ni vinywele vyenye umbo la nyota, vimepangana kama mtu kavishona. Kishonanguo kinaonekana kuwa na ua moja dogo, kumbe katikati pale ni maua mengi yamebanana. Likikauka ukasogea kwenye mbegu utaona vimiba vyenye meno yaliyoelekea nyuma, na utaelewa kwa nini hushika suruali na haziachii. Halafu kuna kifauongo. Watoto wanajua majani yake yanavyojikunja ukiyagusa, lakini wachache wamewahi kuchunguza ile pamba ya waridi iliyo juu yake. Rangi ile si ya petali. Ni nyuzi za stameni, zimetoka kwenye maua madogo mengi yaliyobanwa kwenye kichwa kimoja. Mmea huu asili yake ni Amerika ya kitropiki, umekuja ukajikalia, na sasa una jina la Kiswahili linalousema sawasawa.

Simu uliyonayo inatosha kwa miezi ya mwanzo. Simu nyingi za bei ya kati zimewekewa kamera ndogo ya makro, yaani ya kupigia vitu vya karibu sana, ya megapikseli 2. Mimi siipendi, picha zake ni hafifu na inakulazimisha usogee mpaka kivuli chako kinamfunika mdudu. Tumia kamera kuu. Rudi nyuma hadi ua lionekane kali, vuta mara mbili basi, piga, kisha kata pembeni baadaye. Ukitaka kuongeza kitu, tafuta kilenzi cha kubana kwenye simu, kile chenye kioo cha kweli.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi asikimbilie lenzi ya makro. Zipo pete za kuongeza urefu, mirija mitupu isiyo na kioo ndani, inayokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni nyepesi. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele kwa milimita 25 inakupa nusu ya ukubwa halisi. Ukiisogeza kwa milimita 50 unapata ukubwa halisi wenyewe, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 kwenye kihisio, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha. Mimi nilitumia pete za mtumba na lenzi ya zamani, na picha ya nyuki wa ndulele ninayoipenda kuliko zote ilitoka hapo.

Sasa, kinachowashinda wengi ni fokasi. Kwenye ukubwa halisi, tundu la lenzi likiwa f/8, sehemu iliyo kali ina unene wa kama milimita moja. Jicho la nyuki likiwa kali, mgongo umeshapotea. Ukibana tundu hadi f/16 unapata kama milimita mbili, lakini picha nzima inaanza kulegea kwa sababu mwanga unatawanyika ukipita kwenye tundu dogo. Mimi hukaa kwenye f/8 au f/11. Nazima fokasi ya otomatiki, naiacha lenzi ilipo, kisha nasogea mimi mwenyewe, kifua mbele, kifua nyuma, taratibu sana, na nabonyeza pale jicho linapong'aa. Na ukitaka mwili wote uwe mkali, mtafute mdudu kwa ubavu, kamera iwe sambamba naye. Hili la kuwa sambamba lingeniokoa kule Amani.

Upepo nao ni adui. Chomeka kijiti ardhini kando ya ua, ukifunge na shina kwa kibanio cha nguo, bila kulikaba. Na uende mapema. Kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi upepo wa Muheza haujaamka vizuri, na wadudu wengi hawajapata joto la kuruka. Kipepeo aliyelowa umande atakaa kwenye jani akisubiri jua, na wewe una dakika nzima za kumzunguka. Saa 6 mchana ni mateso matupu kwa wote wawili. Jua la pwani linaunguza petali mpaka zinakuwa nyeupe kwenye picha na vivuli vinakuwa vyeusi kama lami.

Ukilazimika kupiga mchana, tia kivuli. Siku ya kwanza nilitundika kanga nyekundu, na ndulele yangu ya zambarau ikatoka na wekundu ambao haukuwa wake. Sasa natumia kipande cha shuka jeupe juu, na karatasi nyeupe chini kurudisha mwanga kwenye tumbo la mdudu. Mwenye flashi akate kipande cha chupa nyeupe ya mtindi aiwekee mbele. Mwanga unakuwa laini, na macho ya nzi hayabaki na doa kali la taa.

Nimetaja nzi kwa sababu nina deni naye. Kwa miezi miwili nilikuwa napiga picha za nyuki mdogo mwenye mistari, anayeelea hewani mbele ya kishonanguo bila kwenda mbele wala nyuma. Siku moja nikaikuza picha nikahesabu mbawa: mbili. Nyuki ana nne. Yule alikuwa nzi aliyevaa nguo za nyuki ili ndege wamwogope, na macho yake makubwa yaliyokaribia kugusana yalikuwa wazi kwenye kila picha niliyopiga, ila sikuwa nimeangalia. Furaha niliyoipata siku ile hakuna lenzi mpya iliyowahi kunipa.

Kuna jambo moja linanikera na nitalisema wazi. Wako wapiga picha wanaowatia wadudu kwenye friji ili wapoe watulie, wakishalegea wanawapanga juu ya ua zuri. Wengine wanachuma ua wakalipige picha ndani, au wanakanyaga kumi wakilitafuta moja. Mdudu aliyeganda huonekana tu. Miguu haishiki jani, inaning'inia. Ile si picha ya maisha yake. Asubuhi ya mapema inakupa utulivu huohuo bila kumdhuru mtu. Na kwa maua adimu, tahadhari iongezeke. Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini ambako wenyeji wanakuita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na moja ya mambo yaliyotishia okidi za kule ni kuchimbwa kwa viazi vyake vinavyopelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula kinachopendwa huko. Ukipata okidi mahali pasipojulikana, piga picha zako, zima alama ya mahali kwenye simu, na usimtumie kila mtu kwenye kundi la WhatsApp.

Lakini hatari kubwa kwa wadudu wa kwetu siioni kwa wapiga picha. Naiona kwenye panga na fagio. Tumelelewa kuamini kwamba uwanja wa mtu mstaarabu ni udongo mtupu uliofagiwa mpaka unaonyesha mistari ya chelewa. Naelewa sababu: nyoka, mbu, watoto wanaocheza. Mbele ya mlango mimi pia nafagia. Ila kando ya uzio, nyuma ya jiko, pembeni ya karo, tunafyeka kwa mazoea tu, na tukimaliza tunashangaa vipepeo wamekwenda wapi.

Kijana anayetufyekea majani nilimwomba aache kipande changu. Akanitazama.

"Dada, hata hizi ndulele?"

"Hasa hizo ndulele, mdogo wangu."

Alizungushia kamba ili asije akasahau. Miezi miwili baadaye, mvua za vuli zimeshaanza, alinigongea dirisha asubuhi. Kwenye kijiti kikavu alichokiacha ndani ya kamba kulikuwa na kitu cha rangi ya majani makavu, kama povu la sabuni lililogeuka sifongo gumu. Alidhani ni ugonjwa wa mti. Nilipolisogelea na kamera, kitu kilikuwa kinatoka ndani yake: vunjajungu, wadogo kuliko sisimizi wakubwa, weupe karibu waonekane ndani, wananing'inia kwa nyuzi nyembamba huku miguu yao inakunjuka mmoja mmoja. Utotoni tuliambiwa ukimgusa vunjajungu utavunja chungu, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kumtazama akizaliwa.

Nilimpa kamera. Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikamwambia asogee kwa kifua, si kwa mikono. Alikaa pale magotini mpaka saa 3, panga limelala kwenye majani.