Altezza ya mtumba: manyuo au oto?

Mtu akianza kutafuta Altezza, ile saluni ya Toyota, swali la kwanza ni hilohilo, manyuo (gia za mkono) au oto (gia zinazojibadilisha zenyewe), na jibu la kijiweni unalijua: manyuo ndo gari, oto achia wazee. Mi naona hapo watu wanarukia hatua ya pili. Fungua boneti kwanza uone injini gani, kwa sababu matoleo yake mawili, RS200 na AS200, yanafanana kwa nje ila tabia zake haziko sawa hata kidogo.

RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, lita mbili, haina turbo, nguvu zake zote ziko kwenye mizunguko ya juu huko. Yenye manyuo ya gia sita inatoa hosipawa 210 injini ikiwa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, yani usipoikamua unaendesha gari ya kawaida tu ya kwendea kazini na hutaelewa watu wanaisifia nini. Raha yake ni kuishikilia gia ya pili mpaka injini ianze kulia, unatupia ya tatu na bado uko kwenye nguvu kwa sababu gia zimepangwa karibukaribu. Ya oto ina gia tano, na Toyota wenyewe waliishusha hadi hosipawa 200, kuna vitufe vya gia kwenye usukani lakini ukibonyeza inajifikiria kwanza ndo inatii. Kwa injini inayotaka uharaka, ile sekunde inakera kuliko hizo hosipawa 10 zilizopungua.

AS200 ni habari nyingine. Ni 1G-FE, silinda sita, hosipawa 160, injini laini isiyo na papara, ndo hiyohiyo iliyoko kwenye Mark II GX110 zilizojaa mjini. Hapa oto yake ya gia nne haikunyimi kitu kikubwa, tena fundi wa mtaani anaijua 1G na oto zake kwa kuzigusa kila wiki, wakati giaboksi ya manyuo ya gia sita ikianza kukwaruza sinkronaiza, vile vipete vinavyolainisha gia kuingia, unaweza kusubiri mzigo utoke Japani huku gari imekaa juu ya mawe.

Halafu kuna foleni, ambayo watu wa manyuo huwa wanaipita harakaharaka. Morogoro Road ya Dar jioni, unatoka mjini unaitafuta Kimara, gari inasogea hatua mbili inasimama, kila ukisogea klachi inaliwa na mguu wa kushoto unawaka moto. Kama hiyo Altezza ndo gari yako pekee, ya kazini, sokoni na kupeleka mtoto shule, mapenzi ya manyuo yanaweza kuisha kabla pleti ya klachi haijaisha.

Ila manyuo nayo ina hoja nzito, na sio ya spidi. Altezza zilianza kutoka 1998, za mwisho ni 2005, kwa hiyo hakuna changa tena. Oto ya umri huo iliyokosa kubadilishiwa oili inaweza kufa ghafla, na ikifa wengi wanatafuta giaboksi nyingine ya mtumba ambayo nayo huijui ilikotoka. Manyuo mara nyingi inakuonya mapema na klachi inafunguliwa inabadilishwa maisha yanaendelea. Ukishuka mteremko mkali wa Kitonga pia, manyuo unaweka gia ndogo injini inashikilia gari breki zinapumua, japo oto nayo inaweza hilo, basi tu madereva wengi wanashuka na D mwanzo mwisho.

Tatizo ni kwamba RS200 ya manyuo ndo inayopendwa na watu wa kuchoma matairi. Iliyo oto inaweza kuwa imetunzwa na mzee fulani aliyekuwa anaipeleka kanisani. Kwa hiyo mi ningesema hivi: una gari nyingine ya kila siku, tafuta RS200 ya manyuo hata ikikuchukua miezi, huna, chukua AS200 ya oto uishi kwa amani. RS200 ya oto ningeichukua kama bei imeshuka kweli na bodi ni safi, vinginevyo unalipia injini ambayo hutaitumia.

Kwenye kukagua, oto vuta kijiti cha oili kama kipo, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondoka, na ukitoa P kwenda R au D isichelewe wala kukupiga teke. Manyuo ijaribu asubuhi injini ikiwa ya baridi, ingiza gia ya pili usikie kama inakwaruza, kisha ukiwa gia ya juu na mwendo mdogo kanyaga mafuta, mizunguko ya injini ikipanda ila mwendo ukabaki palepale klachi inateleza. Na usiache kusoma kile kibati cha chesesi kwenye chumba cha injini, mstari wa giaboksi ukisema J160, kodi ya giaboksi ya manyuo, ilizaliwa manyuo, ukikuta kodi inaanza na A, yani oto, halafu ndani kuna pedeli tatu, muulize muuzaji nani aliibadilisha, na waya za oto kazipeleka wapi.