Mchawi si draiva kila mara

Gemu ikiganda, draiva. Skrini ikiwa nyeusi katikati ya kazi, draiva. Feni za kadi zikianza kunguruma ghafla, basi ni draiva tu, pakua nyingine. Ushauri huu umezoeleka hadi umekuwa kama salamu: eleza tatizo lolote la kadi ya grafiki, na jibu la kwanza utakalopewa ni "umesasisha draiva?", yaani ile programu inayoiunganisha kadi na mfumo wa kompyuta. Mimi naona mara nyingi ni ushauri wa kupoteza muda, na kwenye kompyuta ya kujiundia unapoteza muda zaidi. Mwenye mashine anabandika na kubandua programu wiki nzima, kumbe kasoro yenyewe imejikalia kwenye waya, kwenye RAM (kumbukumbu ya kompyuta) au kwenye prosesa.

Chanzo cha imani hii ni ujumbe wenyewe wa Windows. Tangu enzi za Vista, mfumo huo una mlinzi anayeitwa TDR. Kazi yake ni kuhesabu. Kadi ya grafiki ikipewa kazi na kukaa zaidi ya sekunde 2 bila kuitika, anaichukulia kuwa imekwama, kisha anaiwasha upya pamoja na draiva yake. Ikizinduka, skrini inapepesa, unaarifiwa kwamba draiva iliacha kuitika na sasa imerejea, na ndani ya Event Viewer, daftari la matukio la Windows, linaandikwa tukio namba 4101. Isipozinduka, unapata skrini ya bluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE, na mara nyingi pembeni yake jina la faili la draiva, kama nvlddmkm.sys kwa wenye kadi za NVIDIA. Ukishaliona jina hilo, kesi imekwisha, mshitakiwa kapatikana.

Lakini TDR hajasema hivyo. Alichosema ni kwamba kadi haikujibu kwa wakati, basi. Kadi inaweza kushindwa kujibu kwa sababu umeme umeyumba, kwa sababu imechemka, au kwa sababu data iliyoletewa ilikuwa imeshaharibika kabla haijaifikia. Draiva ndiye aliyekuwa zamu saa hiyo, akapiga yowe, na waliofika wakamkamata yeye.

Kuna wanaoshauri uingie kwenye rejista ya Windows uongeze TdrDelay, muda ambao mlinzi huyo husubiri, kutoka sekunde 2 hadi 8 au 10. Kwa mtu anayefanya uchakataji mzito wa picha au hesabu ndefu kwenye kadi, sawa, kadi yake inaweza kuwa na haki ya kuchelewa. Kwa mtu ambaye gemu inamfia, huko ni kumwambia mlinzi asinzie kidogo zaidi.

Sasa, kwa nini nasema kompyuta ya kujiundia ni kesi ya peke yake? Kwa sababu mtengenezaji ni wewe. Mashine inayotoka kiwandani ikiwa kamili imeshajaribiwa na mtu: ubao mama ule, na pawasaplai ile, na kadi ile, ndani ya kasha lile. Yako haijajaribiwa na yeyote. Kila kifaa kilipita ukaguzi kwao, ila mkusanyiko wao umekutana kwa mara ya kwanza mezani kwako. Draiva, kwa upande wake, ni ileile iliyomo kwenye mamilioni ya mashine nyingine. Ingekuwa mbovu kwa kiasi unachodhani, kelele zingejaa dunia nzima siku ileile. Ukitaka kubashiri, bashiri upande wa kile kilichoko kwako peke yako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14. Watu walikuwa na kadi zenye kumbukumbu ya GB 24, wanafungua gemu mpya, wanaambiwa kumbukumbu ya video imekwisha. Kwa lugha hiyo nani asingeilaumu kadi? Wakabadilisha draiva, wakashusha ubora wa picha, wakazirudisha kadi. Aliyekuwa anakosea ni prosesa. Gemu inapoanza hufungua mafaili yaliyobanwa na kuandaa programu ndogondogo za kadi, kazi inayoisukuma prosesa hadi mwisho wa nguvu zake. Pale hesabu ikikosewa, makosa yanakuja kutokeza upande wa grafiki. Mwaka 2024 ilifika mahali NVIDIA yenyewe ikawaelekeza wenye hitilafu hiyo waende kwa Intel. Intel ikakiri kwamba prosesa zilikuwa zikidai volti kupita kiasi, ikatoa marekebisho ya maikrokodi (programu ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti mwaka huo, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Marekebisho hayo yanakinga prosesa ambayo bado ni nzima. Iliyokwisha kuumia haiponi. Kwa hiyo hata leo yumo mtu mahali fulani anayesakinisha draiva upya juu ya prosesa iliyoumia, na kila asubuhi anashangaa.

Tuje kwenye umeme, ambako nadhani ndiko kwenye kesi nyingi kuliko zote.

Sloti ya PCIe, tundu la ubao mama inamochomekwa kadi, peke yake hutoa wati 75. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kadi inayotaka plagi mbili za pini 8 inatarajia nyaya mbili kutoka kwenye pawasaplai. Nyaya nyingi huja na vichwa viwili kwenye uzi mmoja, na mjenzi anayependa kasha lake lionekane safi hutumia uzi huo mmoja kwa plagi zote mbili. Picha inapendeza. Kompyuta inawaka, desktopu inafunguka, filamu zinachezeka vizuri tu. Kisha gemu nzito inaanza, kadi inavuta umeme kwa mshtuko wa ghafla unaodumu sehemu ndogo sana ya sekunde, volti inashuka, kadi inapoteza fahamu, na TDR anafanya kazi yake. Mishtuko hii ni ya kawaida kiasi kwamba kiwango cha pawasaplai cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kinaitaka pawasaplai iweze kuhimili kwa muda mfupi mno mara mbili ya nguvu zake zilizoandikwa. Kama yako ni ya zamani na kadi ni mpya, usianze na draiva.

Itazame plagi yenyewe kwa tochi. Ile ya pini 8 mara nyingi ni vipande viwili, cha pini 6 na cha pini 2, vinavyoshikana kwa kijino kidogo cha plastiki. Cha pini 2 hupenda kubaki nyuma nusu milimita huku chenzake kimezama. Na plagi mpya ya 12VHPWR, inayobeba hadi wati 600, ndiyo inayohitaji macho zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2022, RTX 4090 zilipoanza kuyeyusha plagi, NVIDIA ilieleza kwamba kesi karibu 50 ilizozijua zilishabihiana katika jambo moja, plagi isiyozama hadi mwisho. Wapo waliosema ni kumtupia mteja lawama, na sikatai kwamba plagi inayoruhusu kosa hilo ina kasoro ya ubunifu. Toleo lililofuata, 12V-2x6, lilifupishiwa pini za utambuzi ili plagi isiyokaa sawasawa isipitishe umeme. Iliyoko kwako ikiwa ni ya zamani, sukuma hadi usione pengo kati ya plagi na kadi, na waya usikunjwe palepale unapotokea.

Niliwahi kuitwa kuangalia mashine moja ndani ya kasha la kioo, kadi imesimamishwa wima ili ionekane. Inawaka, inafika kwenye desktopu, ukifungua chochote cha pande tatu skrini inakuwa nyeusi. Mwenyewe alikuwa na folda nzima ya draiva, matoleo kwa matoleo, na maelezo ya ipi ilidumu dakika ngapi. Kadi ilikuwa ya PCIe kizazi cha 4. Ule waya mpana wa kurefusha sloti, uliokuja na kasha, ulikuwa wa kizazi cha 3. BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama) imeachwa kwenye Auto, ikaona kadi ya kizazi cha 4 na ubao mama wa kizazi cha 4, ikapeleka data kwa mwendo ambao waya ule hauubebi. Tukaingia BIOS, tukaifunga sloti kwenye Gen3, mchezo ukaisha. Kasi iliyopotea ni kidogo mno, huioni kwa macho. Hakuna draiva ambayo ingeligusa tatizo lile.

RAM nitaipitia kwa kifupi. XMP na EXPO, mipangilio iliyomo kwenye BIOS, ni kuiendesha kumbukumbu kwa kasi iliyo juu ya kiwango cha kawaida, hata kama imeandikwa kwenye boksi. Izime mipangilio hiyo, tumia mashine kwa siku kadhaa, uone. Ikitulia, umepata jibu bila kupakua chochote.

Sisemi draiva ni malaika. Mwezi Machi 2010 NVIDIA ililazimika kuliondoa toleo la 196.75 baada ya feni za baadhi ya kadi kushindwa kuongeza mwendo, kadi zikachemka. Oktoba 2023 draiva ya AMD ilileta kipengele cha Anti-Lag+ kilichojipenyeza ndani ya msimbo wa gemu, na wachezaji wa gemu ya Counter-Strike 2 wakafungiwa kama wadanganyifu hadi AMD ikakiondoa. Na kwenye Linux mambo ni tofauti kabisa: kerneli (kiini cha mfumo) ikisasishwa na moduli ya NVIDIA, yaani draiva yenyewe, isijengwe upya, au Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) ikaikataa kwa kukosa saini, hapo kweli ni draiva na huhitaji kufungua kasha. (Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliimaliza subira yake kwa NVIDIA hadharani mwaka 2012 huko Ufini, kwa kidole cha kati mbele ya kamera.)

Kipimo changu ni tarehe. Jana ilikuwa nzima, usiku draiva ikajisasisha, leo inagoma: ni draiva, rudisha ya zamani kupitia Device Manager na uendelee na maisha. Lakini tatizo likifanana kwenye matoleo mawili yaliyopishana miezi, mwache draiva, mshike mwingine. Na kama iliyopo inafanya kazi na huna gemu mpya inayoidai nyingine, sioni haja ya kusasisha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Ukiamua kuisafisha, isafishe mara moja na vizuri. Chomoa intaneti kwanza, maana Windows Update ina tabia ya kukuwekea draiva yake wakati wewe umegeuka. Ingia Safe Mode, ambako Windows huwaka na vya lazima tu, tumia DDU, programu ya kufuta draiva, kuiondoa ya zamani hadi mizizi, kisha sakinisha ile uliyoipakua mapema. Baada ya hapo chagua Restart, usizime kwa Shut down. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida chini ya Fast Startup hakuuzimi mfumo wote. Kiini chake, draiva zikiwamo, huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile. Wengi "wamezima na kuwasha" kisha wakaapa hakuna kilichobadilika.

Na kabla ya yote hayo, tazama nyuma ya kasha. Kama waya wa monita umechomekwa kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi, kadi yako imekaa bure tangu siku ya kwanza.

Likibaki sugu, hamishia kadi kwenye mashine nyingine ukiweza. Ikicheza vizuri huko, rudi kwenye nyaya zako, pawasaplai na RAM, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ikigoma na huko pia, kadi ndiyo mbovu, na kinachofuata ni risiti na dhamana.