Damu ya Kupima Jeni, au Mashine ya Moyo Kwanza?

Ingia duka lolote la dawa Mwembe Tayari, Mombasa, ukikohoa, huenda ukatoka na azithromycin, dawa ya kuua bakteria, bila kuulizwa unameza nini kingine wala kama ulikuwa ukihara. Dawa yenyewe ni nzuri. Ila kwa watu wachache huchelewesha umeme wa moyo kurudi sawa baada ya kila pigo, na moyo uliocheleweshwa hivyo unaweza kuanza kwenda mbio bila kusukuma damu. Mtu huanguka ghafla. Marekani ilitoa onyo mwaka 2013. Methadone ya waraibu wa heroini, piperaquine ya malaria na bedaquiline ya kifua kikuu sugu nazo hurefusha muda huohuo.

Kwa nini aanguke mmoja, na wengine mamia wameze salama? Watafiti wanalitafuta jibu ndani ya jeni, na wapo wanaoona kazi hiyo ni anasa. Hoja yao si ya kubeza. Wodi isiyo na mashine ya ECG, ile ya kupima umeme wa moyo, itafanya nini na majibu ya jeni? Kumuuliza mgonjwa dawa anazotumia na kumpima potasiamu, madini ya damu ambayo mtu akihara hushuka na kuuyumbisha moyo, ni kazi ya leo, na ni rahisi. Tena hapa pwani hofu ya mumiani haijatoka vichwani: damu ikichukuliwa, majibu yasirudi, nani atakubali mara ya pili?

Nawaelewa. Lakini tazama kilichochapishwa mwaka 2002 kuhusu badiliko liitwalo S1103Y katika SCN5A, jeni inayohusika na umeme wa moyo. Ugunduzi ulianzia kwa mama mmoja Mmarekani mweusi mwenye moyo uliotanuka. Potasiamu yake ilikuwa imeshuka, akapewa amiodarone, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, mapigo yakaenda mrama. Walipopima wengine, badiliko hilo lilikuwamo kwa Wamarekani weusi kama 13 katika kila 100, na kwa watu wa Afrika Magharibi na Karibi kama 19. Wengi wao huishi nalo bila taabu yoyote, kwa hiyo si hukumu ya kifo. Ila ni watu wengi mno kwa jambo ambalo kwa Wazungu ni nadra, na ambalo wangepimwa Wazungu peke yao lingeendelea kujificha. Na mama yule hakuangushwa na jeni peke yake: jeni, potasiamu na dawa vilikutana siku moja. Wanaosema "potasiamu kwanza" na wanaosema "jeni kwanza" wanamzungumzia mgonjwa mmoja.

Kinachoniuma ni hesabu nyingine. Kufikia mwaka 2018, katika tafiti kubwa za jeni duniani, watu wenye asili ya Ulaya walikuwa asilimia 78 ya washiriki. Waafrika, ambao jeni zao zina tofauti nyingi kuliko za watu wengine wote, walikuwa asilimia 2. Mbili! Mdigo, Mgiriama, Mbajuni na Msomali wa Mombasa hawawezi kusomewa moyo kwa takwimu za Lagos, seuze za London.

Maabara hazipo mbali; KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, ipo Kilifi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inazihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Basi watafiti waanze na wanaokunywa methadone kila siku, ambao mioyo yao ina haki ya kupimwa hata pasipo utafiti: waelezwe kwa Kiswahili, waombwe ridhaa, na kila atakayetoa damu aondoke siku hiyohiyo na majibu yake ya ECG mkononi.