Kompyuta Yangu Inatafuta Namba Tasa

Kuipa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kasi kupita ile iliyopangiwa kiwandani ni shughuli ya watu wenye muda mwingi wanaolalamika kwamba kompyuta inawapotezea muda. Yangu ni Core i5-2500K ya mwaka 2011, ambayo ilizaliwa na gigahezi 3.3, yaani megahezi 100 zikizidishwa kwa 33. Kila anayeijua hukuapia kwamba inafika 4.5 bila jasho. Asichokisema ni kwamba jasho hubaki kwa mwenye kompyuta.

Unazima, unawasha, unaingia kwenye BIOS, ile programu ya mipangilio inayoamka kabla ya kompyuta yenyewe, unapandisha kizidishi, yaani ile 33, hatua moja, kisha unaendesha Prime95, programu iliyotungwa kusaka namba tasa kubwa, ambayo huibana prosesa mpaka iungame udhaifu wake. Nyumbani kwangu hakuna mwenye haja na namba tasa, lakini feni hunguruma usiku kucha namba hizo zikitafutwa, na asubuhi mama mkwe huniuliza kwa upole, “Baba Asha, mgonjwa ameamkaje?” Nami humjibu, “Mama, kwenye 43 alilala vizuri, lakini kwenye 44 alizimika alfajiri, skrini ikawa buluu.”

Skrini hiyo ya buluu haina adabu ya kukueleza waziwazi ulichokosea. Huenda volti hazitoshi, huenda memori inagoma, huenda ni joto. Ukiongeza volti kwa asilimia 10, umeme unaoliwa hupanda kwa takriban asilimia 21 hata kabla hujagusa kasi, na umeme wote huo hugeuka joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe, ukarudi polepole kule ulikotoka, isipokuwa sasa unalipa zaidi.

Hapo ndipo hali ya hewa ya Dar es Salaam inapoingilia mambo yasiyoihusu. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, hivyo mtu wa Helsinki hufungua dirisha mwezi wa Januari akapata baridi ya bure, ilhali mimi Januari hiyo hiyo nikifungua langu naingiza nyuzi 32 na mbu. Isitoshe, prosesa mbili za jina moja na bei moja hazilingani uwezo: moja hufika 48 ikicheka, nyingine hulia kwenye 44, na risiti haionyeshi umeuziwa ipi.

Na faida yake? Mchezo uliokuwa ukitoa picha 58 kwa sekunde sasa unatoa 59, maana kadi ya picha ndiyo iliyokuwa ikituchelewesha muda wote. Mama mkwe ametazama, hakuona tofauti. Mimi nimeapa kwamba naiona. Usiku huu tunajaribu 45, feni ya chumbani nimeielekeza kwenye kompyuta, na waliozoea kulala wakipepewa wameombwa kuwa wavumilivu.