Mti ukianguka Arusha tupande nini, na haraka ya nini?

Masika ikija na upepo hapa Arusha mti chini hatukosi, mtaani kwetu mkaratusi mmoja mkubwa ulilalia nyaya na bati la jirani, tukakaa giza siku mbili, na toka hapo watu wamegawanyika. Wengine wanataka mgrivelia au miashoki, vitu vinavyoota chapchap, wengine wanasema miti ya asili tu hata kama tutasubiri miaka ishirini.

Wale wa chapchap siwapuuzi aisee. Mama lishe, machinga, bodaboda wa kijiweni, kivuli ndo ofisi yao, sasa unamwambiaje mtu asubiri mpodo, mti wa asili unaokua taratibu, ukue wakati jua la Februari linamuunguza leo? Ila mwashoki nao unaenda juu kama nguzo, kivuli chenyewe kiduchu. Na mkaratusi barabarani hapana, unakunywa maji balaa na matawi unayaangusha bila taarifa.

Wa miti ya asili nao wanakosea kidogo wakiongea kama yote ni mizito kukua. Mringaringa, mti wa asili, Wachagga wameuacha vihambani, yaani mashamba yao ya nyumbani, juu ya kahawa na migomba miaka yote, unakua vizuri tu, kivuli kipana, nyuki wanaupenda. Alafu kama ni ugeni, mjakaranda wenyewe umetoka Amerika Kusini na sijaona mtu anayetaka Arusha bila ile zambarau ya Oktoba na Novemba, mi mwenyewe sitaki.

Kinachonitisha zaidi ni kujaza aina moja. Marekani miji mingi ilipanga mielm, miti yao mikubwa ya kivuli, mitaa mizima, ugonjwa wa fangasi ukaingia miaka ya 1930, barabara zikabaki uchi. Ndo maana mwaka 1990 mtaalamu wao Frank Santamour akatoa kanuni kwamba spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti ya mji. Na Cedar Rapids kule Iowa, tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba iliwaondolea zaidi ya nusu ya kivuli cha mji ndani ya muda mfupi sana, wao wakajipangia kurudisha kwa miaka 10 wakichanganya aina. Miaka kumi, sio wiki ya kupiga picha na mche.

Hapo ndo naona pande zote mbili zinakwepa jambo lenyewe. Ule mkaratusi wetu haukuanguka kwa sababu ni mgeni, umeanguka kwa sababu mtaro ulichimbwa ukakata mizizi upande mmoja, alafu wakamwaga zege mpaka shinani, hata mringaringa ungelala. Na sisi tunahesabu miche tu, kila halmashauri imeambiwa ipande milioni 1.5 kwa mwaka, tarehe 1 Aprili, siku ya taifa ya kupanda miti, tunapanda kwa shangwe mvua ikitusaidia, ikifika Septemba ardhi imekauka na mbuzi wamepita nani anauliza imebaki mingapi? Mi ningechanganya, mgrivelia michache vijiweni kwa sasa, katikati yake mringaringa na mruka, nao wa asili, na hela nyingi iende kwenye maji na uzio miaka mitatu ya kwanza, sio kwenye miche.

Shimo la ule mkaratusi bado liko wazi. Mche wa mringaringa nishapata kwa mzee mmoja Tengeru, nipo nabembelezana na mjumbe tuusogeze mita kadhaa, mbali na nyaya na mtaro.