Ukihamisha Windows, hamisha na kitambulisho chake

Lamu kompyuta haifi kwa uzee, inakufa kwa chumvi. Ubao mama unaota kutu ya kijani kwenye vishikio vya RAM, na asubuhi moja hauwaki. Duka la Langoni au nyumba ya wageni ya Shela yenye programu ya hesabu ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi) inaagiza kompyuta nyingine Mombasa, inavushwa Mokowe kwa boti, mashine pepe inafufuliwa, na Windows inaandika chini ya skrini kwamba haijaamilishwa. Fundi anasema leseni imekufa, nunueni nyingine. Mara nyingi leseni iko hai, na kumlipisha mteja mara ya pili ni kumwonea.

Windows iliyo ndani ya mashine pepe inaangalia maunzi, yaani vifaa vya kompyuta, inayoonyeshwa humo ndani, hasa namba ya UUID, ambayo ni kitambulisho cha mashine, na anwani ya MAC, ambayo ni kitambulisho cha kadi ya mtandao. Hizo zikibaki zilezile, kwa kawaida haina cha kulalamikia. Kosa ni kubeba faili la diski la .vdi peke yake na kuundia mashine mpya: hapo VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe, inatoa UUID mpya na MAC mpya, na Windows inajiona iko kwenye kompyuta ngeni. Beba folda nzima, pamoja na faili la mipangilio la .vbox. Kwa VMware, programu nyingine ya kazi hiyo, ikiuliza, chagua "I Moved It". Ukichagua "I Copied It", inabadilisha vitambulisho.

Kama mashine mpya imeshaundwa, usiifute. Fungua .vbox ya zamani kwa Notepad, utafute uuid kwenye mstari wa Machine. Mstari wa Hardware ukiwa na uuid yake, chukua hiyo. Zima mashine pepe kabisa, kisha andika kwenye dirisha la amri la kompyuta mwenyeji, yaani ile halisi:

VBoxManage modifyvm "Hesabu" --hardware-uuid

ukifuatisha namba ile. MAC ibandike kwenye mipangilio ya mtandao. Angalia pia kama ya zamani ilitumia EFI au BIOS (njia mbili za kuwasha kompyuta), na diski ilikuwa kwenye SATA au IDE (aina mbili za kiunganishi cha diski). Ukikosea la kwanza haiwaki. Ukikosea la pili unaweza kupata skrini ya buluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Kusakinisha upya kubaki kwa diski iliyoharibika kweli, kama umeme ulipokatika katikati ya kazi. Hapo aina ya leseni ndiyo inayoamua. Mashine ya zamani ikiwa bado inawaka, amri ya Windows slmgr /dlv itakuonyesha. Ikiandika RETAIL, yaani iliyonunuliwa peke yake, inahamishika: toa ufunguo kule kwa slmgr /upk, uingize huku kwa slmgr /ipk na herufi zote 25, kisha slmgr /ato. Ikiandika OEM, imefungwa na kompyuta iliyokuja nayo. Na leseni ya laptopu haiifuniki mashine pepe iliyo ndani yake; masharti ya Microsoft yanahesabu kila moja kuwa kifaa chake. Sakinisha toleo lilelile pia, kwani ufunguo wa Pro hauamilishi Home ukiachwa hivyo. slmgr /dlv inaonyesha herufi tano za mwisho za ufunguo tu, kwa hiyo karatasi ya ufunguo ikae kwa mwenye duka, si kwenye droo ya fundi.

Kosa 0xC004F211 maana yake maunzi yamebadilika, rudi kwenye UUID. 0xC004C008 maana yake ufunguo umeshatumika mara nyingi kuliko unavyoruhusiwa. Lakini kabla ya kusoma namba yoyote, tazama saa. Betri ya CR2032, ile ndogo ya saa kwenye ubao mama, ikiisha, kompyuta mwenyeji inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, mashine pepe inaifuata, na vyeti vya usalama vya seva vinakataliwa. Betri ya bei ndogo tu, na mtu anauziwa leseni nzima!

Kinachoudhi zaidi ni "leseni ya kudumu" inayotiwa kwa programu ya kuvunja ulinzi wa leseni. Nyingi zinaigiza seva ya KMS, ile ya kuamilishia kompyuta nyingi za kampuni moja, na uamilisho wa KMS unadumu siku 180 usipofanywa upya. Kabla hujalipa, mwambie fundi aandike slmgr /xpr, inayoonyesha uamilisho unaisha lini, mbele yako. Ikitaja tarehe ya miezi sita ijayo, usitoe pesa.